Vinasaba vyafichua nasaba ya kambale

Kambale wa Afrika, Clarias gariepinus, hutofautiana sana kwa rangi na umbo. Wataalamu walimpa majina mengi, likiwemo Clarias mossambicus huko Afrika Mashariki, hadi uchunguzi wa maumbo wa miaka ya 1980 ulipoyaunganisha kuwa spishi moja.

Siku hizi kipande kidogo cha pezi chatosha kumtambua. Maabara husoma sehemu ya jeni iitwayo COI, yenye herufi zipatazo 650, ambayo Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, aliipendekeza mwaka 2003 iwe kitambulisho cha wanyama.

Hata hivyo, jeni hiyo imo katika mitokondria, ambazo samaki hurithi kwa mama pekee. Chotara, basi, husomeka kama spishi ya mama yake.

Mfano ni Thailand, ambako wafugaji huzalisha chotara wa dume la kambale wa Afrika na jike la Clarias macrocephalus, kambale wa asili wa huko. Anayemfichua baba ni jeni za kiini cha seli, zinazotoka kwa wazazi wote wawili. Kwa alama za aina hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta dalili za jeni za Kiafrika katika baadhi ya kambale wa asili wa Thailand ya kati.

Mchanganyiko huo ukiendelea, spishi ya asili yaweza kutoweka huku wavuvi wakidhani bado wanaivua.