Njia za Mbigili: Mikato ya Shule Iliyomezwa na Dodoma

Mwanafunzi wa shule ya msingi katika Dodoma ya miaka ya 1980 hakuwa na haja ya barabara. Alitoka nyumbani kabla jua halijapanda, fagio mkono huu, kidumu cha maji mkono ule, akakatisha. Alipita nyuma ya nyumba za jirani, akashuka korongoni, akapandia vichaka vya migunga upande wa pili, akavuka reli, mbio, awahi namba ya shuleni.

Korongo ndilo lililokuwa njia kuu ya watoto. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine korongo ni mchanga mkavu, laini, na jambo kubwa kuliko yote, hauna mbigili. Huko juu, vijimbegu hivyo vya miiba vilitapakaa njia nzima. Aliyekanyaga alisimama kwa mguu mmoja, akamshika mwenzake bega, akachomoa, akapaka mate na safari ikaendelea. Mwiba wa mgunga ulikuwa balaa zaidi, kwani ulipenya kandambili moja kwa moja. Mwenye katambuga za tairi ndiye aliyetembea kifua mbele. Mvua zilipoanza, wazazi walipiga marufuku korongo. Maji hushuka kutoka mbali ghafla, hata pale ambapo mbingu ni nyeupe.

Njia za miguu katika Ugogo, nchi ya Wagogo, zina umri mkubwa kuliko mji wenyewe. Katika karne ya 19 misafara ya kati ya pwani na Unyanyembe (Tabora) ilipita huku kwa mstari mmoja, ikilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wa Kigogo ili ipate ruhusa na maji. Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, lakini haikumzuia mtembea kwa miguu. Haikuwa na uzio, watu wakaigeuza njia, wakihesabu mataruma huku sikio likisikiliza treni. Kisha ikaja Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, iliyozihamisha familia kutoka kwenye tembe zilizotawanyika na kuziweka vijijini. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Hapo ndipo njia hizi zilipojaa watoto.

Kinachouma ni kwamba Dodoma mpya ilibuniwa kwa ajili ya watembea kwa miguu haohao. Chama tawala, TANU, kiliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya nchi huku, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mpango wa mji, uliotolewa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulimtanguliza mwenye miguu, mwenye baiskeli na abiria wa basi. Mitaa ilipangwa kwa kufuata mfumo wa TANU wa nyumba kumi. Ni vigumu kutaja mji mwingine wa Afrika wa wakati ule uliomheshimu kiasi hicho mtu asiye na gari.

Lakini fedha hazikutosha, na kilichotangulia kufika mitaani ni bikoni za mipaka. Viwanja vikapimwa, vikapewa namba na hati. Njia iliyokanyagwa na vizazi vitatu haikuwa na namba wala hati, hivyo ikaangukia ndani ya kiwanja cha mtu. Mwanzoni mwenye kiwanja aliweka ua wa miiba, watoto wakatafuta upenyo. Ikaja seng'enge, wakainama. Ukaja ukuta wa tofali wenye geti, ukawa mwisho.

Serikali ilipohamia kwa kasi kuanzia 2016, kuta ziliongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya 2022 ilikuta 765,179. CDA yenyewe ilivunjwa Mei 2017. Makorongo ya mjini, baadhi yake, yamejengewa zege yakawa mifereji ya maji ya mvua. Reli ya kisasa, ambayo treni zake za abiria zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, imezungushiwa uzio. Uzio huo ni wa lazima: treni ya umeme inayokwenda kilomita 160 kwa saa haimsubiri mtoto mwenye kidumu. Ila mtoto huyo sasa hana budi kuzunguka hadi kwenye kivuko, na mara nyingi mzunguko humpitisha kando ya lami, ubavuni mwa malori na bodaboda.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya umma ya kupita, na bado kuna mahali pa kuitumia. Pembezoni mwa jiji, kama Nala na Michese, njia za miguu zingali zinakatisha mashamba ya mtama na zabibu huku viwanja vikiendelea kupimwa. Mpimaji anayefika huko asubuhi ya siku ya shule atazikuta zikiwa na watoto. Anaweza kuziingiza kwenye ramani kabla hajachimbia bikoni ya kwanza, akaacha mita tatu tu kati ya kiwanja na kiwanja.