AHADI NI DENI
Habari za Lugha Mbili katika Ofisi za Manitoba

Katika kitabu hiki cha Jubilei wasomaji watakuta habari nyingi za misheni zetu, jinsi zilivyoanzishwa na jinsi zilivyokua. Tumeona vema kuongeza habari za nchi ya mbali, yaani mkoa wa Manitoba katika Kanada, kwa sababu mbili. Kwanza, mambo yake yalianzia katika misheni, kama mambo mengi ya kwetu. Pili, wako ndugu zetu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda wanaokaa huko siku hizi, wakisema Kiswahili nyumbani na Kifaransa penye ofisi. Nao wamekula matunda ya mti waliopandiwa na wengine. Yafaa basi tujue ni nani walioupanda, na kwa taabu gani.

Neno tunalotaka kulieleza ni moja. Haki iliyoandikwa katika sheria haimfai mtu kitu mpaka pawepo mlango wa kuingia, na nyuma ya mlango awepo mtu wa kumsikiliza kwa lugha aijuayo. Watu wa Manitoba waliandikiwa haki yao mwaka 1870. Mlango wenyewe waliungoja miaka mia na thelathini hivi.

I. Misheni penye mito miwili

Tarehe 16 Julai 1818, Padre Joseph-Norbert Provencher na mwenziwe Padre Sévère Dumoulin waliwasili kwa mitumbwi penye Red River, baada ya safari ya karibu miezi miwili kutoka Montréal. Ni mahali ambapo mto mwingine, Assiniboine, unaingia katika Red River, na siku hizi pana mji mkubwa wa Winnipeg. Padre Provencher alijenga upande wa mashariki wa mto, akaiweka misheni chini ya ulinzi wa Mtakatifu Bonifasi, mtume wa Wajerumani, kwa kuwa baadhi ya walowezi wa kwanza walikuwa watu wa lugha ya Kijerumani. Ndiyo asili ya jina la Saint-Boniface. Mwaka 1822 alipewa daraja ya uaskofu, na mwaka 1847 nchi ile ikafanywa jimbo.

Wakristo wake wengi walikuwa Wametisi, yaani watoto wa baba Wafaransa na mama wa makabila ya wenyeji. Walikuwa wawindaji hodari wa nyati na wachukuzi wa mizigo. Karibu nao walikaa wengine waliokuwa na damu ya Kiskoti na ya Kiingereza, nao walisema Kiingereza. Basi tangu mwanzo nchi ilikuwa na lugha mbili za Ulaya, juu ya lugha za wenyeji, wala watu hawakuona jambo hili kuwa ajabu.

II. Ahadi ya mwaka 1870

Nchi yote ile ilikuwa chini ya kampuni ya biashara iitwayo Hudson's Bay Company. Mwaka 1869 kampuni ilipatana kuitoa nchi kwa serikali ya Kanada, na watu waliokaa ndani yake hawakuulizwa. Wapima ardhi walikuja na minyororo yao, wakaanza kupima mashamba ya watu, Wametisi wakawazuia. Kiongozi wao alikuwa Louis Riel, kijana aliyezaliwa Red River mwaka 1844. Wakaunda serikali yao ya muda, wakawatuma wajumbe watatu mpaka Ottawa kufanya mapatano. Mmoja wao alikuwa Padre Noël-Joseph Ritchot, paroko wa Saint-Norbert. Alisimama imara juu ya mambo ya ardhi, shule na lugha.

Matokeo yake yalikuwa Sheria ya Manitoba, iliyotiwa sahihi tarehe 12 Mei 1870 na kuanza kazi tarehe 15 Julai mwaka ule. Fungu la 23 lilisema kwamba katika Baraza la kutunga sheria, na katika mahakama, kila mtu aweza kutumia Kifaransa au Kiingereza. Na sheria zote zipigwe chapa kwa lugha zote mbili. Mkoa mpya ulikuwa na watu kama 12,000, na karibu nusu yao walisema Kifaransa. Ahadi hii basi haikuwa sadaka waliyopewa wachache. Ilikuwa sharti la watu wenyewe kukubali kuingia katika Kanada.

III. Jinsi ahadi ilivyovunjwa

Katika miaka iliyofuata wageni wengi walikuja kutoka Ontario na nchi nyingine, nao walisema Kiingereza. Wametisi wengi walipoteza ardhi zao wakahamia magharibi. Wenye Kifaransa wakawa wachache, na waliokuwa wengi wakaona mapatano ya zamani ni mzigo. Mwaka 1890 Baraza la Manitoba lilitunga sheria ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya serikali na ya mahakama. Mwaka 1892, na tena mwaka 1909, jaji wa mahakama ya Saint-Boniface alihukumu kwamba sheria ile ni batili, kwa kuwa mkoa hauwezi kutangua peke yake neno lililowekwa mwaka 1870. Hukumu zilitolewa, lakini serikali haikuzifuata. Mwaka 1916 ikaja sheria nyingine iliyokomesha kufundisha kwa Kifaransa katika shule za serikali. Wazee wa Saint-Boniface walisimulia mpaka siku za karibuni jinsi watoto walivyoficha vitabu vyao vya Kifaransa kila mkaguzi alipotokea mlangoni.

Tufikiri kidogo maana ya mambo haya kwa mtu wa kawaida. Mkulima apokea barua ya serikali juu ya kodi au mpaka wa shamba; hawezi kuisoma. Mama ataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, karani hamwelewi. Nani asiyejua, hata katika nchi zetu, jinsi mtu wa namna hii afanyavyo? Huichukua karatasi mpaka misheni, au humwita mtoto aliyesoma amfasirie. Siku nyingine hupata msaada wa kweli, na siku nyingine hutia sahihi neno asilolijua. Mwisho huona haya, asiulize tena kwa lugha yake. Ndipo wakubwa wa ofisi hunena: hakuna aulizaye kwa Kifaransa, kwa hiyo haihitajiwi. Hivyo ndivyo lugha inavyotoka katika ofisi, na ikiisha kutoka huko, haikawii kutoka hata nyumbani, kwa kuwa wazazi huona haitawafaa watoto.

IV. Karatasi ya faini

Ukuta huu ulianza kubomolewa kwa jambo dogo. Georges Forest, mkazi wa Saint-Boniface aliyefanya kazi ya bima, alipata karatasi ya faini kwa ajili ya kuegesha gari. Karatasi iliandikwa kwa Kiingereza tu. Mwaka 1976 alikwenda mahakamani kuikataa, akasema kwamba sheria ya 1890 ni batili. Jaji alikubaliana naye. Serikali ya mkoa haikukata rufani, wala haikuifuata hukumu, kama ilivyofanya zamani. Lakini safari hii mwenye shauri hakurudi nyumbani. Alipanda kutoka mahakama hadi mahakama, na tarehe 13 Desemba 1979 Mahakama ya Juu ya Kanada ikahukumu kwamba sheria ya mwaka 1890 haikuwa na nguvu.

Neno hilo lilizaa swali zito: je, sheria zote zilizotungwa tangu 1890 kwa Kiingereza peke yake ni sheria kweli? Tarehe 13 Juni 1985 Mahakama ya Juu ilijibu kwamba si halali. Lakini kwa kuwa mkoa hauwezi kukaa hata siku moja bila sheria, ziliachwa zitumike kwa muda, mpaka zifasiriwe na kutungwa upya. Hivyo kazi iliyoachwa miaka 95 ilibidi ifanywe kwa haraka.

V. Sheria si huduma

Wasomaji wasidhani kwamba hapo mambo yalikwisha. Fungu la 23 lasema juu ya Baraza, mahakama na sheria zilizopigwa chapa. Halisemi neno juu ya karani aliyekaa mezani. Mtu aliweza sasa kusoma sheria ya cheti kwa Kifaransa, lakini cheti chenyewe bado hakujua amwombe nani. Mwaka 1983 serikali ya mkoa ilitaka kuongeza katika katiba haki ya kuhudumiwa ofisini kwa lugha mbili. Ghasia ilikuwa kubwa. Wapinzani waliacha kengele ya Baraza ilie siku nyingi bila wao kuingia kupiga kura, na mwaka 1984 Baraza likafungwa na shauri likafa. Mwaka uo huo wa 1983 ofisi ya chama cha watu wa Kifaransa, Société franco-manitobaine, ilichomwa moto.

Baada ya ghasia watu walichukua njia ya polepole. Mwaka 1981 ilikuwa imekwisha kufunguliwa idara ndogo ya kuangalia huduma za Kifaransa. Mwaka 1989 serikali ilitangaza kwa maandishi utaratibu wa huduma hizo. Hata hivyo utaratibu ulikwenda kwa kuchechemea, na mwaka 1998 Jaji Richard Chartier akaombwa kuchunguza sababu. Taarifa yake aliipa jina lenye maana ya kwamba busara itangulie mambo yote.

Aliyoyaona ni haya. Makarani wenye lugha mbili walikuwapo, lakini walitawanywa mmoja huku na mmoja huku. Karani mmoja akiwekwa kati ya wenzake wasiojua Kifaransa, mwisho hufanya kazi yote kwa Kiingereza, na mgeni aingiaye hajui ni yupi wa kumwendea. Basi Jaji alishauri wakusanywe katika nyumba moja, penye vijiji na mitaa ya watu wa Kifaransa. Na chini ya paa lile zikutane serikali ya Ottawa, ya mkoa, na ya mji. Tena alisisitiza kwamba karani asingoje kuombwa. Yeye awe wa kwanza kusalimu kwa lugha zote mbili, ili mgeni achague bila haya. Sisi Waswahili twaweza kulifahamu jambo hili upesi: ni kusema "karibu" kabla mgeni hajapiga hodi.

Shauri lilikubaliwa, na tangu miaka ya mwanzo ya karne hii vituo vya namna hii vikafunguliwa: Saint-Boniface, Notre-Dame-de-Lourdes, Saint-Pierre-Jolys, kisha na mahali pengine, pamoja na Saint-Laurent, kijiji cha Wametisi ukingoni mwa ziwa. Havikuwa majumba ya fahari. Kazi yake ilikuwa kumpokea mtu, kumsikiliza, kumwonyesha fomu impasayo, kumsaidia kuijaza, na kumpeleka kwa mkubwa mwenye amri juu ya shauri lake. Kituo si hakimu, wala hakitoi kila kitu kiombwacho. Lakini mtu atokaye hapo ajua alichotia sahihi, na hilo si jambo dogo.

VI. Wageni wapya

Sasa twafika kwa ndugu zetu. Katika hesabu ya mwaka 2016, Manitoba ilikuwa na watu kama 1,278,000, na waliotaja Kifaransa kuwa lugha yao ya kwanza walipata 40,000 tu au kuzidi kidogo. Wenyeji hao waliona kwamba wasipopokea watu wapya watakwisha. Kwa hiyo mwaka 2003 walianzisha Accueil francophone, nyumba ya kuwapokea wageni wanaojua Kifaransa. Miongoni mwa waliopokewa walikuwa watu wa Kongo na wa nchi za jirani, wengi wao wakimbizi. Walikuwa wamejifunza Kifaransa shuleni, huku Kiswahili au lugha ya kabila ndiyo waliyonyonya kwa mama. Mtu aliyekimbia na watoto, na vyeti vyake vimebaki katika nyumba iliyoungua, ajua kuliko sote thamani ya karani amwelewaye.

Je, huyu naye ahesabiwe kuwa mtu wa Kifaransa? Swali hili lilijibiwa mwaka 2016, Baraza la Manitoba lilipopitisha sheria ya kuitegemeza jamii ya Kifaransa, pasipo mjumbe hata mmoja kupinga. Sheria yasema kwamba katika jamii hiyo wamo wale ambao lugha ya mama yao ni Kifaransa, na pia wale ambao si lugha ya mama yao, lakini wanakipenda na kukitumia katika maisha ya kila siku. Mwaka uliofuata chama cha zamani kikabadili jina, kikajiita Société de la francophonie manitobaine, ili kisiwe cha kizazi cha wenyeji peke yao. Wahenga wetu walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mithali imetimia, kwa maana wenyeji wamewapa wageni mlango, na wageni wamewapa wenyeji watu.

VII. Mafundisho kwetu

Tukitazama nyuma, twaona kwamba ahadi ile haikuokolewa na mtu mmoja. Padre Ritchot aliifanya iandikwe. Wazazi waliitunza nyumbani wakati shule zilipofungwa kwao. Mtu wa bima aliidai mahakamani. Jaji akaonyesha jinsi ya kuifanya iwe meza na kiti. Kama kizazi kimoja kingechoka, walioifuata wasingekuwa na kitu cha kudai. Twaona tena kwamba deni halikufutika kwa kukaa. Hukumu mbili zilizopuuzwa zilifaa mwisho, kwa kuwa zilithibitisha kwamba hakukosekana wa kusema kweli tangu zamani.

Nasi tulio na misheni, shule na ofisi, tujiulize: mzee asiyejua lugha ya karatasi akifika kwetu leo, atasalimiwa na nani, na kwa lugha gani? Mlango uliofunguliwa waweza kufungwa tena, usipokuwa na watu wa kuuingia na watu wa kuulinda. Tuwasaidie basi walio karibu nasi kuandika barua zao, kupata vyeti vyao, na kufahamu wanachotia sahihi. Na ndugu zetu walioko Winnipeg wasione haya kujibu wanaposalimiwa kwa Kifaransa. Salamu ile imelipiwa kwa miaka mingi.