Kuandika kwa ncha ya kisu

Nyota mbele ya *wrītaną, neno la lugha mama ya Kigermaniki, ina maana kwamba hakuna maandishi yenye neno hilo; wataalamu wameliunda upya kwa kulinganisha lugha za Kigermaniki, zikiwemo Kiingereza na Kijerumani. Maana yake ilikuwa kukwaruza, kuchanja. Na ndivyo wasemaji wa kale wa lugha hizo walivyoandika hasa: kitana kilichopatikana Vimose, Denmark, cha mwaka 160 hivi, kina herufi tano za runi, alfabeti yao ya kale, zilizochanjwa, zikisomeka harja. Kiingereza kikabaki na write, kuandika. Kutokana na neno hilohilo, Kijerumani kina reißen, kurarua. Kwa maana ya kuandika kiliazima scribere ya Kilatini, kikapata schreiben. Linalonivutia zaidi ni Reißbrett, ubao wa kuchorea ramani za majengo: humo mkwaruzo wa kale ungali mchoro.