Unbwogable: Majigambo ya Wajaluo yaliyoiteka ngome ya Moi

Raila Odinga alipofariki Oktoba 15, 2025, ilikuwa imetimia miaka 23 na siku moja tangu asimame Uhuru Park, Nairobi, na kutamka “Kibaki Tosha”. Mzee Moi alitangulia Februari 2020, Kibaki akafuata Aprili 2022. Vigogo watatu wa uchaguzi wa 2002 hawapo tena, lakini wimbo uliovuma kuliko zote katika kampeni zile ungalipo, na sisi wa Nakuru tuna sababu zetu za kuukumbuka.

Unbwogable ulitoka mwaka huo wa 2002. Wenyewe ni Gidi Gidi Maji Maji, yaani Joseph Ogidi na Julius Owino, vijana waliokwisha kujipatia jina kwa albamu yao Ismarwa, na mtayarishaji wao alikuwa Tedd Josiah. “Bwogo” ni kutisha kwa Kijaluo. Vijana wakalivisha neno hilo Kiingereza mbele na nyuma, likawa mtu asiyetishika. Hawakuutungia chama chochote.

Nguvu yake ilitoka wapi? Wasomi Joyce Nyairo na James Ogude, katika makala yao ya 2005 kwenye jarida la African Affairs, wanaturudisha kwenye pakruok, desturi ya Wajaluo ya kujigamba ngomani. Benga imekolea, watu wanacheza. Mteja anatoa pesa, bendi inatulia, naye anapata nafasi ya kujimwaga: mimi ni mwana wa fulani, kwetu ni mahali fulani, rafiki yangu ni fulani, nani kama mimi? Akimaliza, magita yanarejea kwa kishindo. Hapo mwingine naye anatia mkono mfukoni, kwa kuwa hakuna anayetaka kulala ameshindwa maneno mbele ya watu.

Sasa sikiliza Unbwogable ukiwa na pakruok akilini. Msanii anajitaja jina, anataja kabila lake bila haya, anamhoji mpinzani yeye ni nani hasa, kisha anawapanga mashujaa wa Kijaluo mmoja baada ya mwingine. Hip hop ya Marekani nayo inaishi kwa majigambo, kwa hiyo mila mbili zilikutana bila kusukumana. Hii si kazi ya vijana walioiga ughaibuni. Ni kazi ya vijana waliojua kwao.

Kambi ya NARC, muungano wa upinzani uliomsimamisha Kibaki, iliusikia, ikauchukua, na majigambo ya jamii moja yakawa kauli ya kila aliyeichoka KANU, chama cha Moi. Kwetu jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Kabarak, nyumbani kwa Moi, ni mwendo mfupi tu kutoka mjini, na Bonde la Ufa lilihesabiwa kuwa ngome ya chama chake. Wapinzani wa Moi, Koigi wa Wamwere na wakili Mirugi Kariuki, walishtakiwa kwa uhaini mwaka 1990, kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Desemba 27, 2002, wote wawili walichaguliwa kwa tiketi ya NARC, Koigi Subukia na Mirugi Nakuru Mjini, huku Kibaki akipata takriban asilimia 62 ya kura za urais. Katika mji huu wa Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Waluhya na Wakisii, hakuna aliyehitaji kujua Kijaluo ili aelewe kilichokuwa kikiimbwa.

Umoja ule haukudumu. Kibaki na Raila walikosana, na Januari 2008, baada ya uchaguzi ulioleta mzozo, majirani waliopiga kura pamoja walichinjana katika mitaa ya Nakuru. Ogidi, yaani Gidi wa wimbo wetu, baadaye alijulikana upya redioni, akipatanisha wanandoa katika Patanisho ya Radio Jambo.

Kinachoniuma ni jinsi tunavyowatendea watunzi. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inaitaka serikali ilinde haki za ubunifu wa Wakenya, ilhali kila msimu wa kampeni nyimbo za vijana hugeuzwa mali ya majukwaa. Unbwogable unastahili kufundishwa katika shule zetu kama sehemu ya historia ya 2002, sambamba na majina ya wanasiasa walionufaika nao. Na mgombea atakayekuja Nakuru mwaka 2027 akitumia wimbo wa kijana yeyote, amlipe kwanza kabla ya kuwasha spika.