Ua la Usambara na Ukoo Wake

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto, kwenye milima ya Usambara, joto la bondeni linakuachia njiani, kona kwa kona. Kwenye misitu iliyosalia huku juu, miamba yenye kivuli hubeba kimmea kifupi chenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Jamaa zake waliotoka hapa wamejaa madirishani Ulaya na Marekani.

Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, ndiye aliyempelekea baba yake mbegu za ua hili. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaliita Saintpaulia ionantha. Sifa zote kwa baroni! Lakini John Kirk, konsuli wa Uingereza Zanzibar, na W. E. Taylor, mmisionari yule aliyekusanya methali za Kiswahili, walikwishapeleka sampuli kwenye bustani za Kew, Uingereza, miaka ya 1880. Hazikutosha kulielezea ua, basi wakasahaulika.

Baadaye B. L. Burtt wa Edinburgh alizipa spishi majina moja baada ya jingine, likiwemo lililotokana na Shume, huko huko Usambara, hadi orodha ikakaribia 20. Kila mlima ulionekana una wake, na si ajabu: mmea unaotaka unyevu na kivuli hauvuki kwa urahisi bonde kavu la Lwengera linalotenganisha Usambara ya Mashariki na ya Magharibi. Ni kama visiwa, ila bahari yake ni nyika.

Vipimo vya vinasaba vikaja kuvuruga hesabu. Mimea mingi ya Usambara, pamoja na tofauti zote za majani, ilikutwa ndugu wa karibu mno. Kwa umri wa milima hii, wameachana juzi tu. Yule wa milima ya Uluguru ndiye aliyejitenga mapema. Mwaka 2006 Iain Darbyshire akapunguza spishi hadi 6, nyingi zikawa nususpishi za ionantha.

Pigo la mwisho lilikuja 2015. DNA ilionyesha kwamba ukoo wote umechipuka ndani ya jenasi nyingine, Streptocarpus, hivyo Saintpaulia ikaacha kuwa jenasi, ikawa kikundi tu ndani yake. Jina la baroni limeshushwa cheo. La Wilhelmsthal, walilouita Wajerumani mji wa Lushoto, lilikufa zamani. Ujerumani, ua lingali linaitwa Usambaraveilchen.