Dago, si makazi

Pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, huitwa “makazi ya kale” kila linapoandikwa magazetini. Neno hilo linatokana na kukaa, nalo linaleta picha ya shamba na jirani wa kudumu. Wawindaji na wakusanyaji walioacha humo zana za mawe tangu miaka 78,000 iliyopita hawakuishi hivyo. Walilirudia pango, kizazi baada ya kizazi, pale msitu unapokutana na nyika, penye wanyama na matunda ya pande zote mbili. Pwani tunalo neno la kituo cha kurudiwa: dago, kambi ya wavuvi wanaofuata samaki kwa msimu.

Itasemwa kwamba humo alizikwa mtoto wa miaka kama mitatu, kaburi lililotangazwa mwaka 2021, na watu hawaziki kambini. Hoja nzito hiyo. Ila kaburi linathibitisha mapenzi kwa mtoto, pengine na kwa mahali. Halithibitishi kwamba watu walikaa hapo mwaka mzima. Na kama dago ni la bahari, maneno hupanuka. Wahariri, andikeni dago. “Makazi” tuwaachie wakulima.