Safu ya Lugha: Chesisi si bodi

Gari likianza kuyumba na milango kugoma kufunga, madereva wengi wa Mikumi husema "chesisi imelegea". Kwa Land Rover ya zamani, kauli hiyo ni sahihi: chini ya bodi zipo pau mbili ndefu za chuma, zimeunganishwa kama ngazi. Hiyo ndiyo chesisi. Neno lilianzia Kifaransa, châssis, yaani fremu, hata ya dirisha, likapitia Kiingereza hadi gereji.

Toyota Corolla haina ngazi hiyo. Bodi yenyewe, sakafu hadi paa, ndiyo inayobeba mzigo.

Ford Mustang ya 1965 nayo imeundwa hivyo. Injini yenye nguvu huipinda bodi, ndiyo maana mafundi wa Marekani huchomelea vyuma viwili chini ya sakafu, kimoja kila upande, kuunganisha mihimili ya mbele na ya nyuma. Kazi hiyo isiitwe "kubadilisha chesisi". Ni kuunga mihimili, au kukaza bodi.

Na "fremu"? Anayeitafuta mjini Kilosa anaweza kuonyeshwa chumba cha duka. Kwa hiyo mwenye gari dogo linalopita njia ya Ulaya, kata ya wilaya hiyo ya Kilosa, amwambie fundi: "Kagua mihimili ya chini, huenda weldi imeachia."